Dada, acha kuzunguka Kariakoo kutafuta sola nyembamba

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kigamboni aliniandikia: "Kaka, habari za kazi. Fundi kaniambia kenchi zangu ni za zamani, haziwezi kubeba paneli za kioo. Nasikia kuna sola nyembamba, nyepesi, hazisumbuliwi na joto. Zinapatikana wapi, na bei gani?" Swali hili naulizwa kila mara, kwa hiyo leo nalijibu hadharani.

Kwa kifupi: zenye maana haziletwi kwa mtu wa nyumba moja, na unazoonyeshwa dukani mara nyingi siyo zenyewe.

Mimi sola nyembamba nimekua nazo. Baba alikuwa na moja kijijini, wati 14, ya rangi ya kahawia iliyokolea, yenye vimistari vya wima. Ilichaji betri ya gari, betri ikawasha televisheni ya chogo, na saa mbili usiku sebule ilijaa majirani wa taarifa ya habari. Hiyo ni silikoni amofasi, yaani silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele, iliyopakwa kama utando mwembamba juu ya kioo. Miaka ya 1990 zilienea sana huku kwetu, Kenya hasa, kwa sababu bei yake mtu wa kawaida aliimudu. Kasoro yake ni kwamba jua lenyewe huidhoofisha. Watafiti Staebler na Wronski walilionyesha hilo mwaka 1977: paneli ikianza kazi hushuka nguvu kwa miezi kadhaa, pengine hata robo ya nguvu yake, ndipo itulie. Muuzaji mwaminifu huandika wati za baada ya kushuka. Baba hakuambiwa, na mpaka leo anamlaumu fundi wa betri.

Za kisasa zipo. First Solar ya Marekani inatengeneza sola nyembamba za aina nyingine, za kadimiamu teluraidi, na ni nzuri kweli, ila soko lake ni mashamba makubwa ya umeme. Halafu huo wembamba unaousikia ni wa utando wa ndani tu, ambao umebanwa kati ya vioo viwili. Paneli yao moja ya Series 6 ina karibu kilo 35! Kampuni zilizojaribu kuuza sola nyembamba za kuwekwa juu ya paa zilibanwa na bei ya paneli za kawaida za silikoni iliyoporomoka. Solyndra ilifilisika mwaka 2011. Solar Frontier ya Japani ikaacha kuzalisha mwaka 2022.

Sasa Kariakoo. Nilipokuwa natafuta ya kwangu, kijana mmoja alinikunjulia paneli ya plastiki inayopinda: "Bosi, hii ndiyo thin film, sola nyembamba yenyewe, wati 200, teknolojia mpya." Bei karibu mara mbili ya ile ya kioo. Niliinama nikaitazama vizuri. Chini ya plastiki kulikuwa na vipande vyeusi vya mraba, kona zimekatwa, na nyuzi za fedha zimepita juu yake. Hiyo ni mono ileile, silikoni ya fuwele ya paneli za kawaida, imevuliwa kioo tu.

Nikatoa mita ya kupimia umeme mfukoni. Saa sita mchana, jua la Dar halina wingu, tukaitoa nje. Lebo ilisema volti 22, ampea 11. Volti zikaja 21, sawa. Ampea zikasimama kwenye 5.4. Volti zinadanganya, hata paneli dhaifu inazitoa. Ukweli uko kwenye ampea, na hizo ni za paneli isiyofika hata wati 100. Vijana wakajaa. Mwenye duka akanuna: "Mzee, kama hununui sema." Shemeji niliyekuwa naye alinicheka njia nzima, eti mwanaume mzima anatembea na mita sokoni. Luku ikiisha kwake, anakuja kuchajia simu wapi? Kwangu.

Jamani, tupunguze aibu. Unatoa hela yako, pima. Muuzaji anayekukataza kupima hata paneli moja juani, amekwisha kukujibu.

Na hilo la joto, ni kweli ila halikufai. Bati likifikisha paneli nyuzi 60, mono inapoteza kama asilimia 12 ya nguvu, amofasi kama 7. Lakini wati 400 za mono zinakaa kwenye mita mbili za mraba; za amofasi zitakula karibu sita. Na ile ya plastiki ukiigandisha juu ya bati, hewa haipiti chini yake, inaungua zaidi.

Kwa hiyo dada yangu, mono ya kioo ya wati 400 ina kilo 21 hivi, sawa na kilo 11 kwa mita ya mraba. Fundi aliyepanda juu kukagua, yeye mwenyewe ana uzito wa paneli tatu, na paa halikuanguka. Kinachotisha paa la zamani ni upepo kuing'oa paneli. Mwambie afungue bati sehemu moja uone mbao. Kama zimeliwa na mchwa, hata sola ya karatasi haikusaidii, badilisha kenchi kwanza. Kama ni nzima, reli za kushikia paneli zifungwe kwa bolti mpaka kwenye papi (mbao zinazopigiliwa bati) na kenchi, zisiishie kwenye bati, na aache nafasi ya kiganja chini ya paneli hewa ipite. Chenji utakayobaki nayo, ongezea kwenye betri ya lithiamu.