Inua mdomo wa juu wa mwanao uangalie

Mwanangu wa pili alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane nilipoona vistari vyeupe kwenye meno yake ya mbele ya juu, pale jino linapotokea kwenye ufizi. Vilikuwa kama chaki. Nikadhani ni maziwa yaliyogandia, nikafuta kwa kitambaa, havikutoka, nikaendelea na shughuli zangu. Miezi mitano baadaye vilikuwa vya kahawia, na jino moja limeanza kumeguka pembeni. Nilipompeleka kwa daktari wa meno, kabla hata hajawasha taa yake aliniuliza, "Usiku analala na nini mdomoni?"

Analala na chupa. Chupa ya maziwa yenye kijiko kimoja cha sukari, maana bila sukari alikuwa anaisukuma na kulia. Na mimi ndiye niliyekuwa najigamba kwamba wanangu hawajui pipi!

Tumezoea kusema jino limeliwa na wadudu, na tangu utotoni nilikuwa nikiwaza funza mdogo anayetoboa jino kama anavyotoboa hindi. Hakuna funza. Kuna bakteria, ambao wamo mdomoni mwa kila mtu. Sukari ikiwafikia wanaila na kutoa asidi, na asidi hiyo inanyonya madini kwenye enameli, lile gamba gumu la nje ya jino. Mate ndiyo yanayotuokoa: yanaisuuza asidi na kurudisha madini taratibu. Ila mtu akilala mate hupungua sana. Kwa hiyo maziwa matamu yanayobaki mdomoni saa tatu usiku yanafanya kazi hadi alfajiri bila wa kuyazuia. Tena enameli ya meno ya utoto ni nyembamba kuliko ya meno yetu, kwa hiyo tundu halikawii.

Nilishangaa kuona meno yake ya chini ni mazima kabisa. Daktari akanieleza kwamba mtoto anaponyonya chupa, ulimi hufunika meno ya chini, na mate mengi hutokea chini ya ulimi hapohapo. Ya juu ndiyo yanaloa maziwa. Ndiyo maana nawaambia wenzangu wainue mdomo wa juu, maana mtoto akicheka huoni pale kwenye ufizi panapoanzia mambo. Vistari vyeupe bado si tundu. Ni madini yaliyoanza kupotea, na yanaweza kurudi. Ile miezi mitano niliyoipoteza ndiyo ilikuwa na thamani.

Nyumbani niliambiwa, "Hayo si meno ya utoto tu? Yatang'oka." Yatang'oka, ndiyo, lakini magego ya utoto hukaa mdomoni mpaka mtoto ana miaka 10 hadi 12. Hiyo ni miaka mingi ya kutafuna upande mmoja na kuamka usiku akishika shavu. Jino la utoto pia humshikia mwenzake nafasi. Likitolewa mapema, ya jirani husogea na la ukubwani linakosa pa kutokea vizuri. Usaha ukikaa kwenye mzizi nao unaweza kuliharibu jino la ukubwani linalojengeka chini yake.

Kitu kingine nilichokuwa nimekikosea ni hesabu ya sukari. Nilikuwa napima wingi, kumbe kinachoumiza zaidi ni mara ngapi. Mtoto akinywa kikombe cha juisi pamoja na chakula na kumaliza, meno yanashambuliwa mara moja, kisha mate yanapata nafasi ya kurekebisha. Kikombe hichohicho akitembea nacho mchana kutwa, anaonja sasa hivi, anaonja tena baada ya robo saa, mate hayapati nafasi hata kidogo. Hata juisi ya matunda uliyokamua mwenyewe. Hata dawa ya kikohozi ya maji, ambayo nyingi zina sukari na sisi huwapa ndiyo wanaingia kitandani.

Chupa ya usiku sikuikata ghafla, sina moyo huo. Kwanza niliondoa sukari, kisha kila baada ya usiku mbili tatu nikapunguza maziwa na kuongeza maji, mpaka baada ya wiki kama mbili ikawa maji matupu, na yeye mwenyewe akaipuuza. Alilia usiku nne hivi. Kwa anayenyonyesha, sisemi umwachishe mtoto. Meno yakishatoka, myapige mswaki kabla ya kulala na usimwache alale na ziwa mdomoni usiku kucha.

Kupiga mswaki kulitushinda mpaka tulipobadili mkao. Nilikuwa namsimamisha mbele yangu tukipambana kama polisi na mwizi. Sasa namlaza, kichwa chake mapajani mwangu, uso juu, kidole changu kimoja kinainua mdomo. Ninaona kila jino. Dawa ya meno iwe na floraidi, madini yanayoimarisha enameli, angalau 1,000 ppm (ndicho kipimo cha wingi wake), imeandikwa kwenye tyubu. Chini ya miaka mitatu kiasi ni punje ya mchele. Kuanzia mitatu, punje ya njegere. Yale matangazo yanayoonyesha dawa imejaa mswaki wote myasahau. Akimaliza ateme, asisukutue na maji, ili floraidi ibaki kwenye meno. Na mswaki ushike wewe mpaka afike miaka saba au minane. Mtoto anayejipigia mwenyewe anatafuna mswaki tu, najua kwa sababu mkubwa wangu nilimwachia.

Meno yenye mistari yalipakwa floraidi na yakatulia. Mawili yaliyotoboka yalipakwa dawa yenye madini ya fedha, ambayo husimamisha uozo lakini hulifanya tundu kuwa jeusi tii. Kuna ndugu waliosikitika kwa ajili ya picha. Mimi nilichagua weusi kuliko kumlaza mtoto wa miaka miwili kwa dawa ya usingizi, na sijajuta. Ila ukiona shavu limevimba, au kijipu kwenye ufizi pamoja na homa, usingoje kupaka wala kusukutua chochote. Ni daktari siku hiyohiyo.

Sasa ana miaka sita. Wiki iliyopita, nikiwa na tochi ya simu, nimeona gego jipya nyuma kabisa, nusu limefunikwa na ufizi. Hilo huwapita wazazi wengi kwa sababu hakuna jino linalong'oka kulipisha, kwa hiyo wanalidhania la utoto. Ni la maisha yote, na mifereji yake juu ina kina kirefu, chakula kinajificha humo. Likishatoka lote daktari ataiziba mifereji hiyo kwa utomvu maalumu, bila ganzi wala kuchimba. Kwa sasa bado ni fupi kuliko wenzake, mswaki unapita juu bila kuligusa, kwa hiyo nauingiza kutokea pembeni ya shavu. Analalamika kwamba namtekenya.