Mchanga wa ufukweni usiupige kwenye boti ya chuma

SWALI: Shikamoo fundi. Nina boti ya chuma ya mita 14 hapa Tanga, inabeba saruji na mbao. Nimeipandisha nchi kavu. Kutu imeila kuanzia mstari wa maji kwenda chini. Fundi mmoja ana kompresa, anasema atapiga mchanga, yaani ataurusha kwa hewa ya presha ung'oe kutu, na atatumia wa hapa hapa ufukweni, ambao ni bure. Mwingine anasema grenda na burashi ya waya vinatosha. Nimsikilize yupi?

JIBU: Marahaba. Kwa sehemu inayozama majini, wa kwanza amepatia njia. Mchanga wake ndio uukatae.

Naanza na mapafu, kwa sababu rangi ikiharibika inapakwa upya. Mchanga mwingi una silika, madini magumu kama ya kioo. Punje ikigonga chuma kwa kasi ile inapasuka na kuwa vumbi laini, na lile laini kabisa ambalo jicho halilioni ndilo linalofika ndani ya pafu. Likifika huko linaacha makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi na hauna tiba. Mpigaji anayevuta vumbi jingi anaweza kuupata ndani ya miaka michache tu. Uingereza ilitunga kanuni ya kuuzuia mchanga wa aina hii mwaka 1949. Uturuki iliupiga marufuku kwenye viwanda vya jinzi mwaka 2009, baada ya vijana waliokuwa wakipauza suruali kwa mchanga kuugua na wengine kufa. Kitambaa cha kufunga puani hakisaidii kitu. Na anayeumia si mpigaji peke yake: kuna msaidizi anayejaza mchanga kwenye tangi, na watoto wanaocheza upande upepo unakoelekea. Tafadhali usimkubalie, hata akikuapia kwamba amefanya hivyo miaka yote.

Halafu kuna chumvi. Mchanga wa ufukweni umelowa maji ya bahari, na kila punje inaacha chumvi kidogo kwenye vishimo vya chuma. Ukipaka rangi juu yake, chumvi inavuta maji kupitia kwenye rangi mpaka malengelenge yanatokea. Nimeshatoboa mengi kwa ncha ya kisu: linatoka tone la maji, na chini yake chuma ni cheusi, kimeshaanza kulika. Rangi yenyewe ilikuwa nzuri, tena ya bei. Kwa hiyo hata kabla ya kupiga chochote, osha boti yote kwa maji baridi yasiyo ya bahari, kwa presha, ukikazania kwenye vishimo vya kutu.

Grenda na burashi ya waya vina kazi yake kwenye reli za juu na kona ndogo. Chini ya maji hapana. Burashi inaisugua kutu mpaka inang'aa ukadhani chuma kimetakata, kumbe umeipiga polishi tu, na rangi inakosa pa kushika. Kupiga kunakwangua kila kitu na kuacha uso wenye vilima na mabonde kama msasa. Dai kiwango cha Sa 2½ kwenye ISO 8501-1, kanuni ya kimataifa ya usafi wa chuma kabla ya rangi: kusiwe na kutu wala rangi ya zamani, vibaki vivuli hafifu tu. Kina cha mikwaruzo kiwe kama mikroni 50 hadi 75 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), lakini soma kwanza karatasi ya maelezo ya rangi uliyonunua, kwa sababu hiyo ndiyo yenye neno la mwisho.

Badala ya mchanga tafuta garneti, yaani punje za jiwe gumu, za ukubwa wa wastani, au mavi ya shaba (takataka zinazobaki shaba ikiyeyushwa) yaliyosagwa. Garneti ni ghali zaidi, ila ukitandika turubai chini unaikusanya, unaichekecha na kuipiga tena. Turubai hilo lizuie pia magamba ya rangi ya zamani yasirudi baharini. Rangi ya chini ya boti huwa na sumu ya kuzuia chaza. Vumbi lake nalo si la kuvuta, hivyo mpigaji avae helmeti inayoletewa hewa safi kwa mpira wake, siyo barakoa.

Kompresa muulize vizuri. Nozeli, yaani mdomo wa mpira wa kupigia, ya milimita 6.5 kwa presha ya bar 7 inakula hewa kama lita 2,300 kwa dakika, na ya fundi matairi haikaribii hapo. Kabla hajaanza, shika kitambaa cheupe mbele ya hewa tupu ya kompresa, isiyo na punje, kwa dakika nzima. Kikitoka na unyevu au doa la mafuta, kazi isianze mpaka chujio litengenezwe.

Kwa hali ya hewa ya Tanga, pigeni kipande mnachoweza kukipaka praima, rangi ya kwanza ya kushika chuma, siku hiyo hiyo. Asubuhi subirini umande ukauke. Chuma kiwe na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikishuka hapo umande unatokea. Kabla ya praima, bandika selotepu kwenye chuma, ikandamize kwa kidole, ibandue na kuitazama juu ya karatasi nyeupe. Ikija na vumbi, pulizeni tena. Mkiona wekundu wa kutu changa umetokea, kipande hicho kipigwe upya.

Jambo moja la mwanzo kabisa: kagua unene wa bamba kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, hasa pale kwenye mstari wa maji. Likiwa limeliwa sana, kupiga kutalitoboa. Hapo mwite mchomeleaji kwanza.