Jibu: Chuo Kikuu cha Hamburg na mizizi ya kikoloni

Ndugu, umeuliza kama ni kweli Chuo Kikuu cha Hamburg, Ujerumani, kina mizizi ya kikoloni. Ni kweli kabisa. Mwaka 1908 mji ulifungua Taasisi ya Kikoloni, na maofisa waliotumwa Afrika walisomeshwa humo, Kiswahili kikiwemo. Mwaka uliofuata akaja Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kibantu. Sisi wa Tanganyika ya zamani hatuwezi kuipita historia hiyo juujuu.

Chuo chenyewe kilizaliwa 1919 juu ya msingi huo, kwa uamuzi wa bunge la mji lililochaguliwa kidemokrasia. Kilianza na vitivo 4, leo vipo 8. Jengo kuu lenye kuba, la 1911, lilitolewa na mfanyabiashara Edmund Siemers. Masomo ya Kiafrika utayakuta Taasisi ya Asia na Afrika.