Hesabu za dripu: unapokosea ni kwenye dakika

Mdogo wangu, umesema uko mwaka wa pili wa shahada ya uuguzi hapo Mbeya, nadharia unafaulu ila hesabu za dripu zinakuangusha. Kanuni ni moja: mililita zidisha kwa matone ya seti (idadi ya matone ambayo mpira wa dripu hutoa kwa kila mililita), gawanya kwa dakika. Lita moja kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita: 1000 × 20 ÷ 480, unapata 41.7, yaani matone 42 kwa dakika. Wengi hugawanya kwa 8 wakasahau kuzigeuza saa kuwa dakika. Kosa la pili ni kukariri 20. Soma pakiti, kwa sababu seti ya watoto huwa na matone 60 kwa mililita.

Ukifika wodini, hesabu matone dakika nzima kwa saa ya mkononi, kisha rudi baada ya robo saa. Mgonjwa akikunja mkono, au baridi ya Julai ikibana mishipa, kasi hushuka. Usifungulie dripu ikimbie ili kufidia, hasa kwa mzee mwenye moyo dhaifu: maji hujaa mapafuni. Mwite muuguzi wa zamu.

Fanya maswali matano kila jioni bila kikokotoo.