Taa ya bluu ya daktari wa meno na tochi ya simu

Umeuliza kwa nini tochi ya simu isitumike, badala ya taa ya bluu ya daktari wa meno, kugandisha dawa ya kuziba jino. Kwanza, dawa hiyo haikauki, molekuli zake zinaungana. Ni resini, yaani plastiki laini ambayo bado haijaganda, na ndani yake mna kamforakwinoni kidogo, unga wa manjano unaofyonza zaidi mwanga wa bluu wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 468. Mwanga mwekundu haushtui chochote. Kamforakwinoni ikipata mwanga wa bluu, hunyang'anya hidrojeni kutoka kwa amini, kemikali saidizi iliyomo humo, zikazaliwa radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenza, zinazounganisha molekuli za methakrileti, kiungo kikuu cha resini, kuwa polima ngumu, yaani minyororo mirefu ya molekuli, kwa sekunde tu. Tochi ina bluu pia, ila hafifu mno. Hata mwanga wa taa ya daktari haupenyi mbali ndani ya dawa, ndiyo maana daktari hujaza tabaka za milimita 2 hivi. Na kile kioo cha rangi ya chungwa anachotumia daktari kinalinda macho dhidi ya mwanga huo wa bluu, si urembo.