Ukungu wa Ngosi Peke Yake Hautishi

Mwanangu mpendwa,

Hapa Mwanjelwa hatujambo, ni baridi tu ndiyo imeshika. Kipande cha filamu yako kilifika salama. Nilikitazama usiku, asubuhi nikakirudia nikiwa nimezima sauti, kisha nikakirudia tena nimefumba macho, nasikiliza tu. Umeniuliza jambo moja, na mimi naliona ni kubwa. Filamu yako ni ya kutisha. Umeifungua kwa droni inayopita juu ya Ziwa Ngosi la huku kwetu Mbeya, msitu umefunikwa na ukungu, maji ya kijani yanajitokeza kidogo kidogo, na kila uliyemwonyesha huko Dar es Salaam akakwambia ni tangazo zuri la utalii. Unataka kujua mtazamaji anatambuaje aina ya picha kabla hata hadithi haijaanza, na kwa nini yako hawakuitambua.

Nilipofumba macho ndipo nilipopata jibu. Umeweka filimbi laini na sauti za ndege. Hiyo ndiyo sauti ambayo Watanzania wameizoea kwenye matangazo ya mbuga, na wakishaisikia, ukungu wako unageuka kuwa mahali pa kwenda kupumzika.

Tafuta filamu mbili uziweke pamoja. Ya kwanza ni The Sound of Music ya mwaka 1965. Inaanza na milima ya Alps huko Austria, imepigwa kutoka kwenye helikopta: mawingu, mabonde, maziwa, mpaka tunafika kwenye uwanda wa majani na Julie Andrews anageuka huku akiimba. Ya pili ni The Shining ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1980. Nayo inaanza na milima, nayo imepigwa kutoka kwenye helikopta. Kuna ziwa, kuna msitu, jua linawaka, na gari dogo la njano aina ya Volkswagen linapanda barabara ya mlimani huko Montana, Marekani. Hakuna damu, hakuna giza, hakuna hata mtu anayeonekana uso. Lakini unaogopa. Wendy Carlos na Rachel Elkind walichukua Dies irae, wimbo wa kale wa misa ya wafu unaozungumzia siku ya hukumu, wakaupiga kwa sintesaiza, mzito na wa polepole. Halafu tazama kamera inavyokwenda: inalifuata lile gari kwa nyuma, inalikaribia, inalipita, inarudi kulifuata. Kuna kitu kinamwandama dereva na yeye hajui.

Na kuna jambo jingine linalonisisimua kila nikilikumbuka. Miaka miwili baadaye, Ridley Scott alipotengeneza Blade Runner, ilitakiwa iishe kwa furaha ili watazamaji wasitoke wameinama. Akapewa vipande ambavyo Kubrick alivipiga kwa helikopta asivitumie. Vikawekwa mwishoni mwa toleo lililoonyeshwa kumbini mwaka 1982, pale wapendanao wawili wanapokimbia na gari kuelekea kwenye maisha mapya. Mandhari iliyopigwa kwa ajili ya hofu ikawa mandhari ya tumaini, na hakuna aliyeshangaa.

Kwa hiyo mlima uliopigwa kutoka angani hauna aina, mama. Aina imo kichwani mwa anayetazama, imetokana na yote aliyowahi kuyaona, na kazi ya dakika zako za kwanza ni kumwamshia kumbukumbu unayoitaka wewe. Wewe umemwamshia ya matangazo.

Hili nililiona kwa macho yangu kwenye banda letu la video. Unakumbuka ule ubao wa chaki pale mlangoni? Tuliandika "picha la Kichina", "picha la kivita", "la Kihindi", "la kutisha". Majina yale hayakutoka kwenye kanda. Yalitoka kwa wateja, kwa sababu mtu mwenye kiingilio mkononi alitaka kujua anakwenda kulia, kucheka au kushika kichwa. Wafaransa walifanya vivyo hivyo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, filamu nyingi za Marekani zilizokuwa zimezuiwa zikaingia Paris kwa mpigo, Double Indemnity ya 1944 ikiwa mojawapo, na mwaka 1946 mhakiki Nino Frank akaziita film noir, yaani filamu nyeusi. Waliozitengeneza walikuwa wamezipiga kama hadithi za uhalifu tu. Aliyeziona zimefuatana ndiye aliyeona udugu wao.

Ndiyo maana filamu ya kwanza ya aina yoyote huwa haijijui. Mwaka 1903 Edwin Porter alitengeneza The Great Train Robbery, ya dakika kama 12, kuhusu majambazi wanaopora treni. Leo tunaihesabu miongoni mwa wazee wa filamu za makauboi. Aliipiga New Jersey, mashariki kabisa, mbali na nchi ya makauboi. Ndani yake kuna picha moja ya jambazi anayeelekeza bastola kwa watazamaji na kufyatua, na kampuni ya Edison iliwaambia wenye kumbi kwamba kipande hicho wanaweza kukiweka mwanzo au mwisho, wapendavyo. Siku hizo mwanzo ulikuwa bado haujapewa kazi maalumu. Kazi ya kumtayarisha mtazamaji ilikuja baadaye, alipokuwa na kitu cha kukumbuka.

Makauboi wenyewe wamesafiri mno. Kurosawa alitengeneza Seven Samurai huko Japani mwaka 1954, Wamarekani wakaigeuza kuwa The Magnificent Seven mwaka 1960, na mwaka 1975 Wahindi wakatuletea Sholay. Ile Sholay inaanza na treni inayosimama kwenye kituo kidogo na mtu mmoja anashuka. Aliyewahi kungoja TAZARA pale Iyunga anaelewa papo hapo kwamba mgeni kashuka na kuna jambo linakuja.

Lakini wewe umeniuliza kuhusu kutisha, na hapo ndipo ningependa tukae.

Chukua filamu za wafu wanaotembea, maana sisi tuna hadithi za misukule na jambo hili linatuhusu. Mwaka 1932 Wamarekani walitengeneza White Zombie, hadithi ya Haiti. Inaanza usiku, wachumba wawili wamo kwenye gari la farasi, wanakuta watu wanazika maiti katikati ya barabara. Dereva anawaeleza: wanaogopa wezi wa maiti, kwa hiyo wanazika mahali ambapo watu hawakomi kupita. Baadaye tunamwona mchawi ambaye wafu wake wanasukuma kinu cha miwa, hawalipwi wala hawalali. Bibi yako angeitazama filamu ile asingehitaji maelezo hata kidogo. Mtazamaji wa New York aliyahitaji, kwa hiyo dereva akapewa maneno.

Sasa ruka hadi 1968. George Romero anatengeneza Night of the Living Dead. Bado kuna mwanga wa jua. Kaka na dada wanaendesha gari kwenda kuweka shada kwenye kaburi la baba yao. Kaka anamtania dada yake kwamba watu wa makaburini wanakuja kumchukua. Kwa mbali anaonekana mtu anatembea, anayumba kidogo. Unamdhania mpita njia, mpaka anapomrukia dada. Hakuna dereva wa kueleza, hakuna mchawi wa kuwatuma. Humo ndani hakuna hata mhusika mmoja anayetamka neno zombi. Jina hilo wamelibandika watazamaji. Romero aliweza kunyamaza hivyo kwa sababu hofu ya kaburi ilikuwa tayari imo ndani ya watu. Alitumia utani wa kaka kuiamsha, basi.

Kisha njoo 1996, Scream ya Wes Craven. Msichana yuko nyumbani peke yake anakaanga bisi, simu inalia, na sauti inamuuliza anapenda filamu gani ya kutisha. Aliyecheza ni Drew Barrymore, sura iliyojulikana kuliko zote katika filamu ile, na wameiweka hadi kwenye bango. Anauawa kabla robo saa haijaisha. Kwa lugha ya banda, stelingi, yaani mhusika mkuu, kafa mwanzoni! Na wewe unajua watu wetu walivyoshika sheria ile kwamba stelingi hafi. Hofu ya mwanzo ule inatokana na mtazamaji kuijua sheria kwa moyo, halafu anaona inavunjwa mbele yake. Hitchcock alifanya jambo la namna hiyo katika Psycho mwaka 1960, tena akataka wenye kumbi wasimruhusu aliyechelewa kuingia. Nilitamani sana kuwa na ujasiri huo mlangoni kwetu, kwa wale waliokuwa wakija katikati na kumsumbua jirani kwa maswali.

Angalia njia waliyoipita hao watatu. Wa kwanza anaeleza, wa pili ananyamaza, wa tatu anaisemesha kumbukumbu yenyewe ya mtazamaji. Kila mmoja alipima kwanza watu wake wanajua nini. Wewe upime wako.

Mtazamaji wako wa Dar es Salaam ana kumbukumbu gani ya kutishwa? Ana kanda za Nigeria zilizofuata Living in Bondage ya mwaka 1992, yule mume anayemtoa mkewe kafara ili apate utajiri. Ana filamu za Mussa Banzi za miaka ya 2000, Nsyuka na Shumileta, za majini na mizuka. Ana misukule. Kwake hofu inaingia nyumbani kupitia jamaa, rafiki au mke. Msitu mtupu bado haujawahi kumdhuru kwenye skrini. Ndiyo sababu ule ukungu, ambao mimi mtu wa Rungwe unanikumbusha mambo ya wazee, kwake ni hewa safi.

Hapa niseme kuhusu geti. Najua mnavyolicheka huko: gari linapiga honi, mlinzi anafungua, jumba linaonekana, na Bongo Movie imeanza. Mimi silidharau. Geti linamwambia mtazamaji kwamba hadithi hii ni ya nyumba na mali, na ya nani ana haki ya kuingia. Mama mkwe kutoka kijijini akisimama nje na kapu lake na mlinzi akasita kumfungulia, nchi nzima inajua tunakoelekea bila neno moja kutamkwa. Wengi wamelichosha kwa kulifungua bila kutokea kitu pale mlangoni. Kosa ni la uvivu wao, geti halina hatia.

Basi kwa Ngosi ningefanya hivi. Ningeanzia ndani ya Hiace ya Mbeya kwenda Tukuyu, mchana kweupe, imejaa, konda anadai nauli, redio inapiga. Msichana wako anasema, "Isongole, shusha." Konda anamuuliza anakwenda kwa nani. Anajibu kwamba anapanda ziwani, peke yake. Asimweleze mtu mambo ya ziwa, usimpe konda hadithi ya wazee. Gari lisimame, msichana anyooshe noti, na konda aikatae. Halafu gari libaki pale, lisiondoke, abiria wote wakimtazama anavyoingia kwenye njia ya msituni.

Kila Mtanzania anamjua konda. Anajua kwamba konda hasahau nauli na hangoji mtu aliyekwisha kushuka. Ukimwonyesha konda anayefanya yote mawili, hata mtu wa Kariakoo asiyejua milima yetu ya Uporoto iko wapi atakaa vizuri kwenye kiti.

Hapo ndipo uilete droni, na usiitupe, maana umeipiga vizuri sana. Lakini impate msichana njiani na imfuate kwa nyuma, kwa mwendo wake, akisimama nayo isimame. Filimbi itoe yote. Ndege waache mwanzoni, kisha uwanyamazishe wote kwa pamoja na ubakize hatua zake peke yake. Sekunde 40 zinatosha. Dakika mbili ni nyingi. Ziwa lenyewe lifiche. Papa wa Jaws, mwaka 1975, anaua mtu katika dakika za mwanzo kabisa na hatumwoni hata pezi, tunaona tu jinsi yule msichana anavyovutwa. Wewe maji yako ya kijani umeyaonyesha yote kabla mtu hajayaogopa.

Ukishakata upya nitumie, hata kama sauti haijakamilika, ila sauti iwepo. Nitawaita vijana wa mtaa huu niwaonyeshe mwanzo peke yake bila kuwatajia jina la filamu, niwaulize wanadhani ni picha ya namna gani na nani atakufa, kisha nitakuandikia majibu yao kama walivyoyasema. Baba yako anakusalimu, na anasema ukija Desemba usisahau kumletea ile miwani.

Mama yako