Mkopo ulioahirishwa haukufutwa

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini deni la duka lako liliongezeka baada ya benki kukuahirishia malipo mwaka 2020, ilhali ulielewa kwamba serikali ya Kenya ilikuwa imetoa nafuu kwa sababu ya korona. Pole sana kwa mzigo huo.

Hatua za wakati ule zilikuwa za aina mbalimbali, na wengi walizichanganya. Zile za kodi zilipunguza kweli: VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14, na waliopata mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi wakaondolewa kodi ya mapato. Nafuu ya mikopo iliyotangazwa na Benki Kuu ilikuwa tofauti, kwani mkopaji ambaye hakuwa na malimbikizo, yaani malipo yaliyochelewa, kufikia tarehe 2 Machi 2020 aliweza kuomba aongezewe muda au apangiwe malipo upya, lakini deni lenyewe lilibaki, na riba kwa kawaida iliendelea kuhesabiwa.

Hata hivyo, nakusihi ufuatilie jambo moja: gharama za kuongeza muda na kupanga upya mikopo hiyo zilipaswa kubebwa na benki. Omba kwa maandishi taarifa kamili ya mkopo tangu Machi 2020 pamoja na nakala ya makubaliano uliyotia sahihi, kisha utenganishe riba na ada. Ukikuta ada ya kupanga upya mkopo, iandikie benki barua ya malalamiko ukitaja tarehe na kiasi, na usiporidhika na jibu, wasilisha malalamiko hayo Benki Kuu. Riba itakuwa vigumu kuipinga, isipokuwa kama ilitozwa kinyume cha makubaliano.